UCHAMBUZI: Nyama choma bila makaa? Somo la jiko la vidonge vya mbao

KILA Jumamosi alasiri, moshi unapopaa kutoka Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, au kutoka soko la Burma jijini Nairobi, ni wateja wachache mno wanaojiuliza nyama iliyo mbele yao imeivishwa kwa mti gani. Mteja huuliza bei ya kilo, huuliza kama mbuzi amechinjwa leo, kisha huagiza ugali na kachumbari. Makaa hayamo katika orodha ya maswali yake.

Hata hivyo, makaa hayo hayo yamekuwa kiini cha mojawapo ya mivutano mikali ya sera katika eneo hili la Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Februari 2018, serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya kijamii kwa muda wa siku 90. Siku hizo 90 ziligeuka zaidi ya miaka mitano, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo, hatua ambayo nayo ilizua kesi mahakamani. Mapema mwaka huo wa 2018, Kaunti ya Kitui, chini ya gavana wa wakati huo Bi Charity Ngilu, ilikuwa imepiga marufuku biashara ya makaa na uchotaji wa mchanga katika mipaka yake.

Majirani hawakubaki nyuma. Mei 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa amri ya kukomesha uchomaji wa makaa ya kuuzwa katika maeneo ya kaskazini mwa nchi hiyo. Nayo Tanzania iliziagiza taasisi zinazowapikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na makaa kufikia mwisho wa Januari 2024.

Katika pilkapilka zote hizo, swali moja limebaki bila jibu la kuridhisha: iwapo makaa yataondoka, nyama itachomwa kwa nini?

Jibu mojawapo linatoka ng'ambo. Nchini Marekani, tangu miaka ya themanini, kumekuwepo na jiko la nje linalochoma nyama kwa vidonge vidogo vilivyoshindiliwa kutokana na unga wa mbao. Si jiko la kila mtu, na huenda lisiwe kamwe la Mkenya wa kipato cha chini. Hata hivyo, namna lilivyozaliwa, linavyoandaliwa na linavyotumika ina mafunzo ambayo wapangaji sera nchini hawana budi kuyatazama, kwani mgala muue na haki yake umpe.

LILIVYOZALIWA

Chimbuko la vidonge hivyo ni uhaba wa mafuta. Oktoba 1973, mataifa ya Kiarabu yanayozalisha mafuta yalisitisha kuiuzia Marekani bidhaa hiyo kwa sababu ya msimamo wake katika vita vya Mashariki ya Kati. Bei ilipanda kwa kasi, na familia zilizotegemea mafuta kupasha nyumba joto wakati wa baridi zikaanza kutafuta njia mbadala.

Wakati huo, viwanda vya kupasua mbao katika majimbo ya kaskazini magharibi mwa nchi hiyo vilikuwa na milima ya unga wa mbao usiokuwa na mnunuzi. Ndipo taka hiyo ilipoanza kukaushwa, kusagwa laini na kushindiliwa kwa nguvu kupitia matundu ya chuma. Joto litokanalo na mshindilio huo hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na kidonge hushikamana chenyewe pasipo kuongezwa gundi nyingine. Hutoka kikiwa kigumu na chenye kung'aa, kipenyo chake kati ya milimita sita na nane.

Katikati ya miaka ya themanini, Joe Traeger wa mji mdogo wa Mount Angel, jimbo la Oregon, ambaye tayari alikuwa katika biashara ya majiko ya kupasha nyumba joto, aliitwaa teknolojia hiyo na kuitia katika jiko la kuchomea nyama. Alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka wa 1986.

Kwa miaka 20 iliyofuata, soko lilikuwa la kampuni moja. Hataza ilipokwisha muda wake mwaka wa 2006, watengenezaji wengine walijitosa, na ushindani ukalitoa jiko hilo katika uwanja wa watu wachache na kulifikisha katika ua wa nyumba nyingi. Kufikia 2021, kampuni iliyobeba jina la mvumbuzi huyo ilikuwa imeorodheshwa katika soko la hisa la New York.

Hapo pana funzo la kwanza. Jiko hilo halikuzaliwa kwa sababu mtu alipiga marufuku kitu. Lilizaliwa kwa sababu kulikuwa na taka isiyo na kazi, bei ya nishati iliyouma, na fundi aliyeruhusiwa kujaribu.

LINAVYOFANYA KAZI

Kwa umbo, jiko lenyewe hufanana na pipa lililolazwa juu ya miguu. Ubavuni mwake pana kisanduku cha kuwekea vidonge. Chini ya kisanduku hicho kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ndogo, ambayo husukuma vidonge kidogo kidogo hadi katika kikombe cha chuma kilicho katikati ya jiko. Ndani ya kikombe hicho, fimbo ya chuma inayopata moto kwa umeme huviwasha, na feni hupuliza hewa ili visizime.

Juu ya moto huo hulala bamba la chuma linalotawanya joto na kukinga mafuta ya nyama yasiudondokee moto moja kwa moja. Kidhibiti joto hupima hali ndani ya jiko na kuamua vidonge viingie kwa kasi gani. Mpishi huchagua kiwango cha joto, naye hukaa kando na wageni wake badala ya kupepea.

Urahisi huo, hata hivyo, haumwondolei mpishi wajibu wa maandalizi. Jiko jipya haliwekewi nyama siku ya kwanza. Huwashwa likiwa tupu kwa joto kali kwa nusu saa au zaidi, ili mafuta ya kiwandani yaliyobaki juu ya chuma yaungue na kutoweka. Anayeiruka hatua hiyo atakula nyama yenye harufu ya karakana.

Jambo la pili ni mahali. Jiko hilo ni la nje, juu ya sakafu isiyoshika moto, mbali na makuti, mapazia na kuta za mbao. Ijapokuwa moshi wake ni mchache kuliko wa kuni, ungali moshi, na una hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haionekani wala hainuki. Kuliwasha ndani ya nyumba au karakana iliyofungwa ni kuita mauti, sawa na ilivyo kwa jiko la makaa linaloachwa chumbani usiku wa baridi.

Jambo la tatu ni vidonge vyenyewe. Adui yao mkuu ni maji. Kidonge kikinyeshewa, au kikiachwa mahali penye unyevunyevu, hufura na kurudi kuwa unga wa mbao. Unga huo huziba parafujo na kulisimamisha jiko karamu ikiwa katikati. Kwa hivyo vidonge huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko, na kisanduku hakiachwi kikiwa kimejaa kwa majuma mengi, hususan msimu wa masika au katika miji ya mwambao ambako hewa ni nzito.

Aidha, si kila kidonge kinafaa kwa chakula. Vipo vilivyokusudiwa kupasha nyumba joto, ambavyo huweza kutengenezwa kutokana na mchanganyiko wa mbao usiojulikana asili yake. Vya kupikia hutakiwa vitokane na mbao safi zisizopakwa rangi, gundi wala dawa ya kuzuia mchwa. Kiwango cha kimataifa cha vidonge bora kinataka unyevu usiozidi asilimia 10 na majivu yasiyozidi asilimia 0.7.

Jiko likiwashwa, moshi wa kwanza huwa mweupe na mzito. Huo si moshi wa kupikia, na ukimkuta nyama humtia uchungu ulimini. Mpishi husubiri hadi moshi uwe mwembamba, karibu usioonekana, na joto litulie. Hapo ndipo nyama huwekwa.

Kwa mapande makubwa, wapishi wa Marekani hupenda joto la chini la nyuzi 107 hadi 120 za Selsiasi kwa saa nyingi, mpaka nyama ilegee. Kwa kuku au vipande vidogo, joto hupandishwa hadi nyuzi 200 au zaidi. Lililo muhimu ni kwamba kuiva hakupimwi kwa rangi ya nje bali kwa kipimajoto kinachochomekwa ndani ya mnofu. Kuku hahesabiwi kuwa salama mpaka sehemu yake nene ifike nyuzi 74.

Kulizima nako kuna utaratibu wake. Kulichomoa jiko kutoka kwa umeme ghafla huacha vidonge vikiendelea kuungua katika kikombe bila feni, na moto huweza kutambaa kupitia parafujo hadi katika kisanduku. Jiko hupaswa kuzimwa kwa kitufe chake, feni iendelee hadi mabaki yaungue. Baada ya matumizi machache, likiwa limepoa kabisa, majivu huondolewa na sinia ya mafuta husafishwa. Wengi wa wanaolalamika kwamba majiko yao yamewaka moto wenyewe walisahau hatua hizo mbili.

HESABU YA MSITU

Kwa nini basi jiko la anasa kama hilo limhusu Mkenya? Jibu limo katika hesabu ya mti unaoingia motoni.

Kilo moja ya makaa ina nishati ya takriban megajuli 30, ilhali kilo ya vidonge ina 17 hivi. Kwa mtazamo wa haraka, makaa yameshinda. Mchomaji nyama anayasifu kwa haki: ni mepesi kubeba, hukaa muda mrefu, na joto lake ni thabiti.

Lakini hesabu hiyo huanzia sokoni, si msituni. Katika tanuri la udongo litumikalo na wachomaji wengi vijijini, kilo 100 za kuni kavu huzaa kilo 10 hadi 20 pekee za makaa. Sehemu kubwa ya nishati ya mti huo hupotea angani ikiwa moshi na gesi kabla ya makaa kutiwa guniani. Kilo hizo hizo 100 zikisagwa na kushindiliwa kuwa vidonge, karibu uzani wote hubaki. Kwa maneno mengine, mti mmoja uliofanywa vidonge humfikishia mpishi nishati mara tatu hivi, kwa uchache, ya mti uliofanywa makaa, hata kabla ya kuzingatia kwamba vidonge huweza kutokana na unga wa mbao ambao hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.

Ni kweli kwamba kukausha na kushindilia nako hula umeme, na unga ulioloa hugharimu zaidi. Lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa katika nchi ambayo tathmini ya kitaifa ya 2021 iliweka eneo lililofunikwa na miti kuwa asilimia 12.13, na ambayo imejiwekea lengo la kufikia asilimia 30 kwa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023, serikali ilitangaza hata siku ya mapumziko ili wananchi wapande miche. Kupanda mche asubuhi na kuteketeza mgunga wa miaka 30 jioni ni kuteka maji kwa pakacha.

Isitoshe, suala la afya halikwepeki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, hasa kutokana na moshi wa kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini zilikuwa zikipika kwa kuni. Mchomaji nyama anayesimama juu ya moto kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane haingii katika mijadala mingi ya mapishi safi, ila mapafu yake ni yale yale.

VIZINGITI

Pamoja na hayo, atakayelileta jiko hilo jinsi lilivyo na kulitua Dagoretti atafeli kabla ya jua kutua.

Kizingiti cha kwanza ni umeme. Jiko hili halitumii umeme mwingi. Likishawaka, mota na feni huhitaji kiasi kisichozidi cha balbu ya zamani. Lakini bila umeme haliwaki kabisa. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na Desemba 10 mwaka uo huo hali hiyo ikajirudia. Mwenye jiko la makaa aliendelea kuuza usiku huo. Isitoshe, majiko yaliyoundwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120, ilhali wa Kenya ni 240. Anayeagiza bila kulijua hilo huliunguza siku ya kwanza.

Kizingiti cha pili ni ladha na desturi. Jiko la vidonge huivisha kwa joto linalozunguka ndani ya jiko lililofunikwa, hivyo kwa kiasi kikubwa ni tanuri lenye moshi. Nyama choma ya Kenya ni mnofu ulio juu ya kaa wazi, chumvi pekee, ukigeuzwa kwa mkono huku mteja akitazama. Mbavu za mbuzi zenye ngozi iliyokauka ya kahawia ni tunda la joto linalotoka chini moja kwa moja. Wapo watakaosema, na si bure, kwamba kilichotoka katika jiko la vidonge kimeokwa, hakikuchomwa.

Kizingiti cha tatu, na kikubwa zaidi, ni bei na upatikanaji wa vidonge. Hapa pana mfano wa karibu. Nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilizipa familia majiko maalum ya vidonge, ikitarajia kurejesha gharama kwa kuuza vidonge vyenyewe. Wazo hilo lilisifiwa na wataalamu wengi wa nishati. Hata hivyo, kufikia 2020 kampuni hiyo ilikuwa imefunga milango. Jiko lilikuwa zuri, lakini biashara ya kuzalisha, kusafirisha na kuuza vidonge kwa bei ya kushindana na makaa haikuweza kujisimamia kwa kasi iliyohitajika.

Funzo la Rwanda ni kwamba jiko lisilo na nishati ya uhakika kila juma ni pambo. Mama anayenunua makaa kwa mkebe, ya kutosha chakula cha jioni pekee, hawezi kungoja lori la vidonge litakalofika Alhamisi.

SERA YA KUYUMBAYUMBA

Mfano mwingine uko nyumbani, nao ni wa gesi ya kupikia. Mwaka wa 2016 gesi iliondolewa ushuru wa ziada ya thamani, na familia nyingi za mijini zikahamia mitungi. Kisha Julai 2021, ushuru huo ukarejeshwa kwa asilimia 16. Miezi michache baadaye, vita vya Ukraine vilivyozuka Februari 2022 vilipandisha bei ya nishati duniani, na mtungi wa kilo 13 ukavuka Sh3,000 nchini. Julai 2022 ushuru ulipunguzwa hadi asilimia nane, na 2023 ukafutwa tena.

Katika kipindi cha miaka saba, sera ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikachechemea, kisha ikaenda mbele tena. Familia iliyouza jiko lake la makaa 2019 ililinunua upya 2022. Mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda cha vidonge huitazama historia hiyo na kuufunga mkoba wake.

Marufuku nazo zina dosari ya namna hiyo. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 zilihalalisha uzalishaji wa makaa kwa leseni, kupitia vyama vya wazalishaji, na kwa vibali vya usafirishaji. Zingetekelezwa ipasavyo, mnunuzi angeweza kujua gunia lake limetoka wapi. Badala yake, biashara imekuwa ikiruhusiwa kwa sheria, ikizuiwa kwa amri, na ikiendelea kwa hongo barabarani. Marufuku ya 2018 ilipandisha bei ya gunia mijini. Haikupunguza hamu ya nyama choma.

MTI ULIOSHTAKIWA

Lipo pia jambo moja ambalo huwashangaza wageni. Miongoni mwa vidonge vinavyothaminiwa na wapishi wa Marekani ni vile vya mesquite, mti wa miiba wa Texas ambao moshi wake mkali huipa nyama ya ng'ombe ladha ya pekee. Wamarekani huununua kwa mifuko.

Mti huo ni jamaa wa karibu wa mathenge, ule ule ulioletwa Baringo miaka ya themanini ili kuzuia jangwa, ukaishia kuteka malisho, kuziba njia za maji na kuharibu meno ya mbuzi kwa maganda yake matamu. Mwaka wa 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama ushahidi.

Mathenge tayari huchomwa makaa katika Baringo, Garissa na kwingineko. Kwa hesabu iliyokwisha kuelezwa, kuuchoma katika tanuri la udongo ni kupoteza sehemu kubwa ya nishati yake. Iwapo kuna mti nchini ambao kuukata hakumhuzunishi mtu, ni huo. Kuusaga na kuushindilia karibu na unakomea kungewapa wafugaji waliopoteza malisho njia ya kurejesha angalau sehemu ya haki yao.

Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Mti ukishapata bei, wapo watakaotaka usiishe. Mbao zake ni ngumu na miiba yake hutoboa magurudumu, hivyo mashine za kawaida huchakaa upesi. Mpango wowote wa vidonge vya mathenge hauna budi kuandamana na mpango wa kung'oa visiki na kurejesha nyasi. La sivyo serikali itakuwa imelipia ustawi wa adui aliyeshtakiwa.

NANI ATALIPA?

Nyuma ya mjadala huu wapo watu. Yupo mchomaji wa makaa wa nyika ya Kitui au Tana River, ambaye mvua ikikosa hana zao jingine la kuuza. Yupo mwanamke anayepima makaa kwa mkebe katika mtaa wa mabanda, na yupo dereva wa lori. Sera inayoyaondoa makaa bila kuwapa hao nafasi katika kinachofuata itapingwa usiku hata ikishangiliwa mchana.

Historia ya nchi hii inaonyesha kuwa mageuzi yenye nafasi kwa watu hufaulu. Jiko lenye tumbo la udongo wa mfinyanzi, lililoanza kusambaa miaka ya themanini, lilipunguza sana kiasi cha makaa katika mapishi ya mijini. Halikuenea kwa amri. Lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali walilitengeneza kwa mabati waliyonayo, wakaliuza kwa bei inayolipika, na mpishi hakulazimika kubadilisha sufuria wala ladha.

Njia ya vidonge, kama itakuwepo, yapaswa kufuata nyayo hizo. Haina haja ya kuanzia jikoni kwa maskini, mahali Rwanda ilipojikwaa. Yaweza kuanzia pale ambapo matumizi ni makubwa na ya kila siku: maeneo ya nyama choma yenye majiko mengi mahali pamoja, hoteli, na shule zinazopika kwa magogo. Hapo lori moja huhudumia wateja wengi, na kiwanda huwa na mnunuzi wa uhakika.

Pili, fundi wa Kamukunji apewe nafasi ya kuunda jiko lisilotegemea umeme mwingi, lenye feni ndogo ya betri au ya nguvu za jua, na linaloweka nyama juu ya moto wazi jinsi mteja anavyotaka. Hataza ya Marekani ilikwisha muda wake zamani, hakuna anayezuiwa.

Tatu, kiwango cha ubora wa vidonge vya kupikia kitekelezwe tangu mwanzo, kabla ya soko kujaa vidonge vya mbao zilizopakwa rangi. Nne, na lililo zito kuliko yote, Hazina ya Kitaifa itamke msimamo mmoja wa ushuru wa nishati ya kupikia na kuushikilia kwa miaka 10, si kwa bajeti moja.

Kenya imeahidi kufikisha mapishi safi kwa wote ifikapo 2028. Ahadi hiyo haitatimizwa kwa jiko moja, liwe la gesi, la umeme au la vidonge. Itatimizwa iwapo kila anayepika atapata nishati anayoweza kuilipia leo na kesho kutwa, karibu na mlango wake.

Hadi siku hiyo, mgunga utaendelea kuanguka nyikani ili mbavu za mbuzi ziive Kikopey. Mteja aketipo kusubiri sinia yake, halitamdhuru kuongeza swali moja baada ya lile la bei ya kilo: makaa haya yametoka wapi?